Kasoro za Ulimwengu na Wajibu wa Mwanakiswahili

Wahenga wa pwani walinena kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa wakulima na mabaharia waliyoitumia, methali hii ilikuwa kalenda. Aliyeijua alilitazama kundi lile la nyota likitua, akajua ni lini atayarishe jembe na ni lini atarajie pepo kugeuka. Ni ushahidi kwamba Kiswahili kilikuwa na lugha ya kuisomea mbingu zamani sana, kabla ya fizikia kuwa somo la darasani. Swali linalowakabili wanakiswahili wa leo ni hili: je, lugha hiyo inaweza kuzisoma mbingu za leo?

Makala haya yanajibu kwamba inaweza, ila kwa sharti. Sharti lenyewe ni kuwa mwanakiswahili aelewe kwanza jambo linalosemwa, ndipo atafute neno. Na akishalipata neno, asiishie kuliorodhesha bali aliandikie sentensi. Ili hoja hii isibaki kuwa maneno matupu, imechaguliwa mada ambayo ni ngumu hata kwa wanafizikia, nayo ni alama ambazo kasoro za ulimwengu mchanga zingeweza kuacha katika nuru kongwe kuliko zote angani. Pamechaguliwa pia mahali pa kuijaribia, napo ni Rodi Kopany.

Kwa nini Rodi Kopany?

Rodi Kopany ni kituo cha soko katika Kaunti ya Homa Bay. Hapo barabara inayotoka mjini Homa Bay kuelekea Rongo, na mbele zaidi Migori, hukutana na ile inayokwenda Ndhiwa. Lugha ya nyumbani na ya sokoni ni Dholuo. Mwanafunzi wa sekondari wa eneo hilo hukua na lugha tatu zilizogawiwa kazi. Dholuo ni ya mama, ya bibi na ya mizaha. Kiswahili ni cha kuzungumza na mgeni, na darasani ni cha insha, ushairi, riwaya na ngeli. Kiingereza ni cha fizikia, kemia na hisabati.

Mgao huu humfunza jambo ambalo hakuna mwalimu analolitamka, kwamba Kiswahili husimulia habari za watu na Kiingereza hueleza ukweli wa vitu. Mwanafunzi anayeamini hivyo atakisoma Kiswahili ili apite mtihani, kisha atakiweka kando pamoja na sare ya shule. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Heshima hizo ni kubwa. Hata hivyo, hazimfikii mwanafunzi huyo iwapo lugha iliyotukuzwa haimwelezi hata kitu kimoja kati ya vile anavyovistaajabia usiku akiinua macho.

Historia yenyewe ina mfano wa kusikitisha kidogo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililokuwa baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa uchunguzi wa eksirei kutoka angani. Kwa sababu ya mahali na siku iliporushwa, iliitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na jina lake limo katika vitabu vya fizikia vya lugha nyingi. Kiswahili basi kilifika angani kikiwa jina. Maelezo ya kazi ya chombo hicho yaliandikwa kwa lugha nyingine, na wenye lugha iliyotoa jina wakabaki ufukweni wakipunga mikono.

Nuru ya usuli

Jambo lenyewe ni lipi? Ulimwengu una umri wa takriban miaka bilioni 13.8. Hapo mwanzo ulikuwa na joto kali mno, na nuru haikuweza kusafiri mbali, kwa kuwa elektroni zilizokuwa huru ziliitawanya kila upande, kama ukungu mzito unavyotawanya mwanga wa taa za gari. Baada ya miaka 380,000 hivi, ulimwengu ulipoa kiasi cha elektroni kushikamana na viini na kuunda atomu. Ukungu ukatanzuka. Nuru iliyoachiliwa wakati huo inasafiri mpaka sasa, na kwa kuwa anga imetanuka tangu hapo, mawimbi yake yamenyooshwa hadi yakawa mawimbi mikro, jamaa ya yale yanayopasha chakula katika tanuri za kisasa. Halijoto yake leo ni kelvini 2.725, yaani digrii 270 hivi chini ya sifuri ya Selisiasi.

Mwaka 1964, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakifanya kazi na antena kubwa huko Holmdel, New Jersey. Walisikia mvumo usiokoma, na popote walipoielekeza antena mvumo ulikuwa uleule. Waliwafukuza njiwa waliokuwa wamejenga humo, wakasafisha kinyesi chao, na mvumo ukabaki. Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba huenda mvumo ule ulikuwa mabaki ya joto la kale la ulimwengu, na mwaka 1978 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mvumo huo haukuwa wa Marekani peke yake. Kabla ya Kenya kukamilisha kuhamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, runinga isiyoshika stesheni ilijaa chengachenga, na sehemu ndogo ya chengachenga hizo, asilimia moja hivi, ilitokana na nuru hiyohiyo. Mtu wa Rodi Kopany aliyeipiga kofi runinga yake ili itulie alikuwa akiitazama nuru kongwe kuliko nyota zote, bila mtu wa kumweleza.

Hapa ndipo mwanakiswahili anapoweza kutoa mchango wake wa kwanza. Nuru hii huitwa kwa lugha za kigeni kwa neno lenye maana ya mandhari ya nyuma, kwa sababu iko nyuma ya kila kitu kinachoonekana angani. Mtafsiri wa haraka ataandika ‘mandharinyuma’, na hatakuwa amekosea. Lakini lipo neno ambalo kila mwanafunzi aliyewahi kuandika tasnifu analijua, nalo ni ‘usuli’. Usuli wa utafiti ni yale yaliyo nyuma ya utafiti. Usuli wa mtu ni asili yake. Nuru inayozungumziwa iko nyuma ya magalaksi yote, na papo hapo ni kumbukumbu ya asili yake. ‘Mnururisho wa usuli’ basi ni jina linalofundisha mambo mawili kwa mpigo, pale ambapo lugha iliyotafsiriwa inafundisha moja.

Kasoro katika maana zake mbili

Ulimwengu ulipokuwa ukipoa, yawezekana ulipitia mageuzi ya hali, mfano wa maji yanapoganda. Mwaka 1976 Tom Kibble wa chuo cha Imperial, London, alieleza jambo linaloweza kutokea katika mageuzi ya namna hiyo. Maeneo ya ulimwengu yaliyo mbali mno kiasi kwamba nuru haijapata muda wa kwenda kutoka moja hadi jingine hayawezi kupatana. Kila eneo huchagua mwelekeo wake. Maeneo hayo yanapokutana, huenda mielekeo isilingane, na hapo katikati hubaki mahali palipokosa kuchagua, penye hali ya kale iliyonaswa.

Msomaji anayetaka kuliona hili na aende sokoni, kwenye vibanda vya wasusi. Mteja mwenye haraka husukwa na wasusi wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Wasipopatana mapema mistari ielekee wapi, kila mmoja atasuka vizuri upande wake, na utosini mistari itagongana. Hapo patabaki nywele zisizoweza kufuata upande wowote. Hakuna msusi aliyekosea. Tatizo ni kwamba wawili hao hawakuzungumza kabla ya kuanza, na mgongano utosini ndio alama ya kutozungumza huko.

Mabaki ya namna hiyo katika ulimwengu yanaweza kuwa nukta, yanaweza kuwa nyuzi, na yanaweza kuwa kuta. Yaliyochunguzwa zaidi ni nyuzi. Uzi wa ulimwengu, kama upo, ni mwembamba kuliko kiini cha atomu, lakini una tungamo la kutisha. Kwa kipimo cha juu kabisa kilichoruhusiwa na uchunguzi wa setilaiti ya Planck katika matokeo ya mwaka 2013, kilomita moja tu ya uzi wa aina iliyozoeleka katika nadharia ingekuwa na tungamo linalozidi mara mbili lile la Mwezi.

Wanafizikia huyaita mabaki haya kwa neno lenye maana ya kasoro. Mwanakiswahili atasita, na atakuwa na haki ya kusita, kwa kuwa kasoro ni ila, na hapa hakuna fundi aliyeharibu kazi. Mwingine angependekeza ‘kovu’, mwingine ‘mshono’. Kabla ya kulitupa neno ‘kasoro’, hata hivyo, inafaa kuukumbuka ule utumizi wake wa kila siku. Saa mbili kasoro robo si saa yenye ila. Ni saa mbili iliyopungukiwa na robo. Kasoro ni upungufu kutoka katika ukamilifu unaojulikana.

Na hivi ndivyo uzi wa ulimwengu unavyofanya anga. Duara la kawaida lina digrii 360. Duara linalochorwa kuuzunguka uzi huo lina digrii 360 kasoro kitu kidogo. Achukuaye karatasi ya mviringo, akakata kipande chembamba kama cha chapati kuanzia kitovuni, kisha akaunganisha kingo mbili zilizobaki, atapata umbo la pia. Hivyo ndivyo anga ilivyo kando ya uzi. Kwa kipimo kilekile cha Planck, kipande kilichopungua, kikiwapo, hakifiki sekunde moja ya pembe, yaani sehemu moja kati ya 3600 za digrii moja. Lugha ya kigeni inahitaji maneno mawili tofauti, moja la kitu chenyewe na jingine la pembe iliyopungua. Kiswahili kina neno moja linaloyabeba yote mawili, na linabeba pia sababu ya kuyaunganisha.

Tahadhari moja yapasa kutajwa. Katika Kiswahili, ‘nyuzi’ ni wingi wa uzi, na pia ni vipimo vya pembe na vya joto. Anayeandika juu ya nyuzi za ulimwengu na kusema kwamba duara lina nyuzi 360 atamchanganya msomaji asubuhi mapema. Ndiyo maana makala haya yametumia ‘digrii’ kwa vipimo na kuachia ‘nyuzi’ kazi ya nyuzi. Migongano ya namna hii haionekani katika orodha ya istilahi, ambako kila neno hukaa peke yake kwenye mstari wake. Huonekana mtu anapoandika aya nzima.

Kisarufi, dhana haijafa

Alama yenyewe ni ipi? Uzi unaokwenda kasi ukikatiza mbele ya nuru ya usuli, ile pembe iliyopungua huifanya nuru ya upande mmoja wa uzi ionekane na joto kidogo kuliko ya upande wa pili. Nick Kaiser na Albert Stebbins walilieleza hili mwaka 1984. Katika ramani ya joto la anga kungeonekana mstari, upande huu joto, upande ule baridi, kama ngazi yenye kidato kimoja. Ramani hiyo kwa kawaida hupanda na kushuka kwa kiasi cha sehemu moja katika 100,000, kama setilaiti ya COBE ilivyoonyesha mwaka 1992. Kidato cha uzi kingekuwa kidogo zaidi ya hapo, na ndiyo sababu kukitafuta ni kazi ya subira.

Katika miaka ya 1980, wapo waliodhani kwamba nyuzi hizi ndizo zilizokusanya maada mpaka magalaksi yakaumbika. Vipimo vya mwaka 2000 na baada yake, kutoka kwa maputo yaliyorushwa juu na setilaiti za WMAP na Planck, vilionyesha katika nuru ya usuli mfululizo wa vilele vilivyopangika vizuri. Nyuzi zikiwa chanzo kikuu, vilele hivyo havitarajiwi. Dhana hiyo ilianguka. Mwaka 2003 wanaastronomia walitangaza jozi ya galaksi zilizofanana kama pacha, wakadhani ni taswira mbili za galaksi moja nyuma ya uzi. Mwaka 2006 darubini ya Hubble ikaonyesha kwamba ni galaksi mbili tofauti. Mwaka 2007 kikundi kingine cha watafiti kilipendekeza kwamba doa moja la baridi lisilo la kawaida, katika kundinyota la Eridanus, huenda ni athari ya kasoro ya aina nyingine. Pendekezo hilo halijathibitishwa. Mwaka 2023 watafiti wanaopima midundo ya nyota za pulsa walitoa ushahidi wa mawimbi ya mvutano yaliyoenea angani. Maelezo yanayopewa uzito zaidi ni ya mashimo meusi makubwa yanayozungukana, ingawa nyuzi nazo zimo miongoni mwa yanayowezekana.

Wanafunzi wa Kiswahili wameteseka vya kutosha na viambishi -nge- na -ngali-. Wengi huvikariri wakidhani ni mitego ya mtahini. Basi na watazame sentensi hizi mbili. Nyuzi zingalikuwa chanzo kikuu cha magalaksi, vilele visingalionekana. Zingekuwapo nyuzi nyepesi, zingeacha kidato katika ramani. Ya kwanza ni habari ya dhana iliyopimwa ikashindwa, mlango umefungwa. Ya pili ni habari ya dhana ambayo bado inatafutwa. Mlango u wazi. Msemaji wa Kiswahili anaweza kuueleza msimamo mzima wa utafiti kwa kubadilisha kiambishi kimoja. Mwalimu akiifundisha sarufi hiyo kwa mfano huu, mwanafunzi wa Rodi Kopany atapata fizikia na Kiswahili katika kipindi kimoja.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba haya ni anasa. Eneo lenye shida za maji, barabara na matibabu lina haja gani na nyuzi ambazo hazijaonwa na mtu? Pingamizi hili lina uzito, ila limewasahau wanaohusika. Mwanafunzi wa Rodi Kopany tayari anafundishwa fizikia. Hakuna anayependekeza aongezewe mzigo. Linalopendekezwa ni kwamba baadhi ya mzigo alio nao uelezwe kwa lugha anayoimudu zaidi. Na anayejifunza kutofautisha linalojulikana na linalokisiwa kuhusu anga hatashindwa kutofautisha hayo mawili katika ahadi za kampeni.

Wengine watasema istilahi zipo, kwa hiyo kazi imekwisha. Ni kweli zipo nyingi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na heshima ya kazi ile haipunguki. Lakini kamusi ni ghala. Nafaka iliyo ghalani haimshibishi mtu mpaka ipikwe, na wapishi ndio wachache.

Wa tatu watasema kazi hii ni ya wanasayansi. Hapa ndipo penye lawama kubwa zaidi kwa wanakiswahili. Mwanafizikia anajua uzi wa ulimwengu ni nini, lakini hakufunzwa kusikia mgongano wa ‘nyuzi’ na ‘nyuzi’, wala kuona kwamba ‘kasoro’ ina masikio mawili. Mwanakiswahili amefunzwa hayo kwa miaka minne au sita, kisha anayatumia kuchambua riwaya zilezile ambazo waliomtangulia walizichambua. Kila mmoja anasuka upande wake wa kichwa, na mistari haikutani.

Kinachopendekezwa hapa hakihitaji bajeti ya serikali. Kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kiko katika chuo chenye wanafunzi wa fizikia, mara nyingi katika jengo la jirani. Kila toleo la jarida linaweza kutenga kurasa mbili kwa jambo moja la sayansi, likaandikwa na mwanafunzi wa Kiswahili aliyeketi na mwenzake wa fizikia mpaka wote wawili wakaridhika. Kabla ya kuchapwa, lisomwe mbele ya darasa la sekondari la mahali kama Rodi Kopany, ambako Kiswahili si lugha ya mama. Sentensi itakayowakwamisha wanafunzi hao irudishwe ikaandikwe upya. Mhadhiri anayesimamia tasnifu naye aweza kukubali, mara mojamoja, mada ya tafsiri ya maarifa badala ya mada ya kumi na moja kuhusu dhamira katika tamthilia ileile.

Nyuzi za ulimwengu huenda zikaonekana siku moja, na huenda zisionekane kamwe. Ama kwa lile pengo kati ya Kiswahili na maarifa ya vitu, hilo halihitaji setilaiti ili lionekane. Lilianza vilevile kama Kibble alivyoeleza, kwa sababu pande mbili zilichagua mwelekeo bila kuzungumza. Tofauti ni kwamba pande hizi mbili zinakula katika bwalo moja la chuo, na zinaweza kuanza kuzungumza leo.